Tundu Nililolishona: Mafunzo Niliyopata Nikifuata Njia ya Risasi

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Eastlands, Nairobi, kando ya barabara ambayo matatu hazilali. Kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa na kazi ya pili isiyo na mshahara, nayo ni kuwasaidia majirani waliojeruhiwa au waliofiwa mikononi mwa polisi. Watu huniita wakili. Mimi si wakili. Ni msaidizi wa kisheria: nilifunzwa sheria kidogo, nikapewa cheti, na mengine yote nikayapata kwenye benchi za vituo vya polisi, nje ya mochari na katika korido za mahakama.

Kazi hii niliianza kwa kosa. Mwaka 2014 jirani yangu aliniletea koti la mwanawe. Kijana alikuwa amepigwa risasi usiku, hatua chache kutoka mlangoni kwao, na familia ikaambiwa kwamba alikuwa mhalifu aliyewageukia polisi akiwa na bastola. Mama yake alikuwa ameshalifua lile koti mara tatu. "Dada, nizibie hapa," akaniambia. "Nataka azikwe nalo, ndilo alilolipenda." Tundu lilikuwa mgongoni, dogo, chini kidogo ya bega la kushoto. Nililiziba kwa uzi wa rangi ileile, nikapiga pasi, nikapitisha kidole mpaka mimi mwenyewe nikawa silipati kwa urahisi. Sikumtoza hata shilingi. Nilijiona nimetenda wema.

Miezi minne baadaye alikuja mpelelezi kutoka nje ya kituo kilichohusika, mtu mpole mwenye daftari. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Nguo alizokuwa amevaa ziko wapi?" Mama alinitazama, nami nikamtazama. Koti lilikuwa kaburini, magharibi mwa nchi, limefuliwa na kushonwa. Ripoti ya mochari ilikuwa na mstari mmoja tu kuhusu jambo lenyewe: majeraha ya risasi. Haikusema iliingilia wapi wala ilitokea wapi. Polisi walisema kijana aliwageukia. Tundu la mgongoni lingeweza kuwajibu, na mimi nilikuwa nimelifumba kwa mkono wangu.

Niliyojifunza tangu siku ile ndiyo haya.

1. Nguo ya marehemu ni shahidi

Lile koti lingesema mambo matatu. Lingesema risasi ilitokea upande gani. Lingesema ilipigwa kwa umbali gani, kwa maana risasi inayopigwa karibu huacha masizi na chembe za baruti kwenye kitambaa kuzunguka tundu, na ikipigwa kwa mbali chembe hizo hazifiki. Jambo la tatu nililielewa haraka kuliko wanasheria niliokuwa nikikaa nao, kwa sababu ni la ufundi wangu. Mtu akiinua mikono, koti hupanda. Ndiyo sababu tunapompima mteja tunamwambia ashushe mikono na asimame kawaida. Basi mtu akipigwa risasi mikono ikiwa juu, kisha akalazwa chali na mikono ikashushwa, tundu la nguo na tundu la mwili hayalingani tena. La nguo huteremka chini ya lile la mwili. Mtaalamu akiwa na nguo pamoja na mwili anaweza kuuliza kama mtu huyu alikuwa amesalimu amri. Akiwa na mwili peke yake, swali hilo linakuwa gumu sana.

Kwa hiyo leo, nikiitwa kwenye nyumba yenye msiba wa namna hii, kabla sijatoa pole yangu yote huwa nauliza nguo ziko wapi. Hazifuliwi. Zikiwa na unyevu huanikwa kivulini, mahali ambapo watoto na kuku hawafiki. Kila moja hutiwa katika mfuko wake wa karatasi, ule wa khaki wa dukani, kwa kuwa plastiki hushika unyevu na damu ikaoza. Juu ya mfuko tunaandika tarehe, saa na nani aliyeishika. Zikikabidhiwa kwa wachunguzi, anayepokea aweke sahihi, na familia ibaki na nakala. Maganda ya risasi hatuyagusi. Tunayapiga picha yalipo, tukiweka kando yake kiberiti au sarafu ili ukubwa uonekane, na tunapiga picha nyingine kwa mbali ili ukuta, mlango au nguzo ya stima ionekane pia.

Ni vigumu kumwambia mama mzazi haya. Anachotaka ni kuiondoa damu ya mtoto wake. Nimejifunza kumwambia polepole, nikiwa nimemshika mkono, na mara nyingi humweleza habari ya lile koti.

2. Sheria haikatazi nguvu, inazipima

Vijana wengi huniambia kwamba polisi hawana ruhusa ya kumpiga mtu. Askari nao huniambia kwamba sheria inawapa ruhusa. Wote wameshika nusu ya maneno.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema katika Kifungu cha 26 kwamba kila mtu ana haki ya kuishi. Kifungu cha 244 kinaitaka Huduma ya Taifa ya Polisi kufuata viwango vya kikatiba vya haki za binadamu. Chini yake kuna Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, na mwishoni mwa sheria hiyo kuna Jedwali la Sita, ambalo nimelitembeza mkobani mpaka karatasi zimechakaa mara mbili. Linasema polisi waanze na njia zisizo za nguvu. Zikishindikana, nguvu zitakazotumika zilingane na lengo, na uzito wa kosa, na ukaidi wa mtu mwenyewe. Aliyejeruhiwa apate matibabu mara moja, na jamaa zake wajulishwe. Kabla ya kufyatua bunduki, afisa ajitambulishe na atoe onyo, akimpa mtu nafasi ya kulitii, ila pale ambapo onyo lenyewe lingehatarisha maisha. Akiua au akijeruhi vibaya, suala liripotiwe kwa Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi, IPOA.

Maneno haya hayakubuniwa Nairobi. Yana mizizi katika kanuni za maadili ya maafisa wa usalama zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1979, na katika kanuni za msingi kuhusu nguvu na silaha za moto zilizokubaliwa Havana, Cuba, mwaka 1990. Kanuni za Havana zimeweka kizingiti juu: kumfyatulia mtu kwa nia ya kuua kunaruhusiwa pale tu ambapo hakuepukiki kabisa ili kuokoa uhai. Uhai, si gari wala duka. Hapa nina lawama kwa wabunge wetu. Jedwali la Sita lilifanyiwa marekebisho baadaye na ndani yake yakaingia maneno ya kulinda mali. Neno hilo moja limefungua mlango mpana, na nimewasikia askari wakiingilia hapo wanapojitetea.

Lakini somo hili sikulipata kwenye karatasi, nililipata sokoni. Kulikuwa na mtu mmoja mgonjwa wa akili, tuliyemzoea wote, ambaye asubuhi moja alichomoa panga kwenye meza ya muuza miwa na kuanza kulizungusha. Watu walikimbia, polisi wawili wakaja. Mmoja alikuwa kijana, bunduki tayari begani, kidole kikitetemeka. Wa pili alikuwa koplo mwenye mvi. Yule mzee aliishusha bunduki ya mwenzake kwa kiganja, akawaamuru watu warudi nyuma mpaka uwanja ukawa mpana, kisha akaketi juu ya kreti ya soda hatua kama kumi na tano kutoka kwa yule mgonjwa na kuanza kumwongelesha. Alimuuliza habari za kwao, akamuuliza kama amekula. Ilichukua karibu saa nzima. Mwishowe mtu yule aliliweka panga chini ili apokee chai na mandazi.

Wanasheria wana majina ya mambo aliyoyafanya yule koplo. Kuna ulazima: hapakuwa na haja ya risasi maadamu hapakuwa na mtu karibu wa kukatwa. Kuna uwiano: nguvu zilingane na hatari iliyopo. Na kuna tahadhari, ile kazi ya kupanga mambo mapema ili usifike mahali ambapo risasi ndiyo inayobaki. Alipowarudisha watu nyuma alikuwa ameshaimaliza hatari kabla hajasema neno. Angekuwa amewaacha wasogee, huenda baada ya dakika mbili angelazimika kufyatua, na tungesema hakuwa na njia nyingine. Tangu hapo, mtu akiniambia askari hakuwa na njia nyingine, huuliza kwanza ilikuwaje akafika hapo.

3. Mguu si mahali salama

Tarehe 9 Julai 2025, Rais William Ruto alisema hadharani kwamba wanaochoma biashara za watu wapigwe risasi mguuni, wapelekwe hospitali, kisha mahakamani. Wengi mtaani waliona hiyo ni huruma, kwamba angalau hakusema kifuani.

Mimi nimemfunga mtu aliyepigwa risasi pajani. Ilikuwa Agosti 2017, siku za ghasia za baada ya uchaguzi, naye alikuwa kijana aliyetumwa unga. Nilichana bitana ya koti la mteja nikamkaza juu ya jeraha kwa nguvu zangu zote, na damu ikawa inapita katikati ya vidole vyangu. Ndani ya paja mna mshipa mkubwa wa damu, na ukikatika mtu anaweza kuisha kwa dakika chache. Alikata roho juu ya bodaboda kabla ya kufika hospitali.

Sheria ya haki za binadamu inalielewa jambo hili. Bunduki ni silaha ya kuua hata ielekezwe wapi. Haipungui kuwa bunduki kwa sababu mlengaji ameinamisha mtutu. Tena mtu anayekimbia katikati ya umati halengeki mguu, na risasi inayomkosa humpata mwingine nyuma yake. Kama hali haijafikia kiwango cha kuruhusu risasi ya kifua, basi haijafikia kiwango cha kuruhusu risasi yoyote.

4. Usiondoke kituoni bila nambari ya OB

Hili ni fupi. Ukipigwa na polisi, au ndugu yako akipigwa, ripoti iandikwe kwenye kitabu cha matukio, yaani OB, na upewe nambari yake. Omba fomu ya P3, ile ya kuandikia majeraha, ipeleke kwa daktari, uhifadhi nakala. Ukiogopa kituo kilekile kilichokuumiza, na hofu hiyo ni halali, nenda kituo kingine au nenda moja kwa moja IPOA. Sheria iliyoiunda, ya mwaka 2011, haikulazimishi kupita kwanza kwa waliokuumiza. Toa nakala tatu za kila karatasi, na zisikae zote katika nyumba moja. Nyumba zetu za mabati huungua.

Wako wanaoniuliza faida ya karatasi hizi ni nini, wakati kesi zenyewe hazisongi. Huwa nawakumbusha Tume ya Jaji Waki. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, tume ile iliandika vifo 1,133, na ikaonyesha kwamba 405 kati ya hivyo vilitokana na risasi. Kabla ya hapo ilikuwa rahisi kusema raia waliuana wenyewe kwa wenyewe. Hesabu ilipowekwa mezani ikawa vigumu kuikwepa, na miaka michache baadaye nchi ikapata chombo cha kiraia cha kuwachunguza polisi. Hesabu ile ilikusanywa kutoka hospitali, mochari na vinywa vya watu kama mimi na wewe. Vivyo hivyo kwa maandamano ya 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha: Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu iliweza kutaja vifo 60 kwa sababu kila jina lilikuwa na mtu aliyeliandika.

5. Taarifa ya kwanza huandikwa na mwenye kalamu

Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa kwao Homa Bay tarehe 7 Juni 2025 na kusafirishwa hadi Nairobi. Siku iliyofuata alikuwa maiti. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani ndani ya seli katika Kituo cha Central. Taarifa ile ilikuwa imeshasomwa redioni na watu wameanza kuizoea, wakati wanapatholojia walipotoka kwenye chumba cha uchunguzi. Walieleza jeraha la kichwa, shingo iliyobanwa, na majeraha mengine yaliyotapakaa mwilini, mambo yasiyolingana na mtu aliyejigonga ukutani. Inspekta Jenerali wa Polisi akaomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ile ya awali. Kesi yenyewe ni ya mahakama kuamua na siisemei.

Ninachosema ni kuhusu chumba kile cha uchunguzi. Familia nyingi ninazozijua hazikujua kwamba zinaweza kuwa na daktari wao ndani. Mnaweza kumwomba daktari huru ahudhurie, na mashirika kama IMLU yamekuwa yakisaidia familia maskini katika jambo hili kwa miaka mingi. Msikubali maiti ipasuliwe usiku, au asubuhi ambayo hamkuambiwa. Msikubali kuharakishwa kuzika. Ombeni picha zipigwe na kila jeraha lipimwe na kuchorwa kwenye mchoro wa mwili, mbele na nyuma. Ule mstari mmoja wa "majeraha ya risasi" usiwatoshe. Ulitutosha sisi mwaka 2014 kwa kuwa hatukujua kuna mwingine.

6. Jirani anayepiga makofi

Hapa ndipo pagumu kuliko vituo vyote vya polisi nilivyowahi kukaa.

Machi 2017 ilisambaa video kutoka Eastleigh. Mwanamume mwenye nguo za kiraia anawafyatulia risasi vijana wawili waliokuwa wameshakamatwa, tena mchana, umati ukitazama. Niliitazama video ile kwenye simu ya mteja. Alipomaliza aliiweka simu mfukoni akasema, "Wacha wamalizwe, mama. Wametutesa sana." Hakuwa mtu katili. Mdogo wake wa kike alikuwa amechomwa kisu na waporaji wa simu mwaka ule ule.

Sikuwa na jibu, kwa sababu nilimwelewa. Mimi mwenyewe nimevunjiwa kibanda. Walichukua cherehani yangu ya kwanza, niliyoinunua kwa chama cha miaka miwili, na kwa wiki kadhaa nilitamani mtu awapate wale vijana na awafanyie lolote. Kama askari angekuja kuniambia amewaua, naamini ningempikia chakula. Nasema haya kwa sababu mtu asiyekiri hasira hiyo hawezi kuongea na watu wa mtaa wangu kuhusu haki ya kuishi. Wataona anahubiri kutoka mahali penye ukuta na mlinzi.

Kilichonibadilisha ni miaka ya kusikiliza. Nimekaa na akina mama ambao wana wao walikuwa wezi kweli, na wanasema hivyo wenyewe. Mmoja aliniambia, "Mwanangu alistahili jela. Nilikuwa nimeshajiandaa kumpelekea sabuni jela." Nimekaa pia na mama wa kijana aliyeuawa kwa kufanana jina na mtu mwingine. Risasi haikuwatenganisha hawa wawili. Hakimu ndiye angewatenganisha, na hakupewa nafasi. Halafu kuna jambo ambalo mteja wangu hakulifikiria. Mwizi aliyeuawa hawezi kusema nani alimkodishia bastola, nani hununua simu anazopora, na kama kuna askari anayepata mgawo. Wapo mtaani wanaoyajua hayo, na wananyamaza, kwa sababu wameona kinachowapata wanaojua.

Katiba haikusema kila mtu mwema ana haki ya kuishi. Imesema kila mtu. Mteja wangu yule bado hatukubaliani kabisa. Lakini mwaka jana mpwa wake alikamatwa kwenye msako, na saa nane usiku alinipigia simu kuniuliza kama ni kweli kwamba lazima afikishwe kortini ndani ya saa 24. Nikamwambia ni kweli, Kifungu cha 49, na nikavaa viatu.

7. Amri ya mkubwa si ngao

Askari huniletea suruali nizipunguze kiuno au nizitie viraka magotini. Nilipoanza kazi hii nilifikiri wataacha. Hawakuacha. Wengine huja jioni, wakiwa peke yao, na suruali ni kisingizio.

Mmoja wao, kijana wa miaka kama ishirini na sita, aliketi kibandani kwangu wiki moja baada ya maandamano. Alikuwa amesimama barabarani tangu saa kumi alfajiri bila chakula, mawe yakimwangukia, na nyuma yake mkubwa akipiga kelele afyatue. Alifyatua juu hewani. Mwenzake hakufyatua hewani. "Mama," akaniuliza, "mimi nikikataa nitapelekwa wapi? Nina mtoto." Sikumhukumu. Nilimtolea Jedwali la Sita na kumwonyesha palipoandikwa kwamba kufuata agizo la mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Nikamweleza kwamba kanuni za Havana zinasema pia upande wa pili: afisa anayekataa amri isiyo halali ya kutumia nguvu asiadhibiwe. Alisoma mara mbili, akipitisha kidole chini ya maneno. Kisha akasema kwamba mafunzoni jedwali hilo lilipitiwa haraka sana.

Na sheria hupanda juu pia, haiishii kwa aliyeshika bunduki. Agosti 2017 huko Nyalenda, Kisumu, mtoto wa miezi sita, Samantha Pendo, alipigwa rungu kichwani polisi walipovamia nyumba yao usiku, na siku chache baadaye akafariki. Hakuna mtu awezaye kusema mtoto wa miezi sita alikuwa anakaidi. Uchunguzi wa mahakama mwaka 2019 haukuishia kwa askari wa rungu, uliwagusa makamanda walioongoza operesheni. Mwaka 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliidhinisha maafisa washtakiwe kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Yule kijana wa suruali alipaswa kujua hilo, na mkubwa wake aliyekuwa akipiga kelele alipaswa kulijua zaidi.

8. Shahidi anaogopa, naye ana sababu

Mnamo Juni 2016, wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitoka katika Mahakama ya Mavoko na hawakufika nyumbani. Mwenda alikuwa mwendesha bodaboda aliyelalamika kwa IPOA kwamba alipigwa risasi na polisi. Miili yao ilipatikana mtoni, Ol Donyo Sabuk. Wiki ile nilifunga kibanda siku nne. Nilikuwa na watu watatu walioandikisha taarifa kupitia kwangu, na wote watatu walikuja kuniomba niwafutie majina.

Niliwafutia. Wapo wanaharakati walionilaumu, na bado naona nilifanya sawa. Ushahidi ni wa anayeutoa na shingo pia ni yake. Siku hizi, kabla mtu hajafungua kinywa, namweleza kuhusu Wakala wa Ulinzi wa Mashahidi, namweleza yanayoweza kumpata, na namwacha alale usiku mmoja kabla ya kuamua. Wengine hawarudi. Wanaorudi husimama imara zaidi.

Na kesi ile ilifikia hukumu. Februari 2023, baada ya zaidi ya miaka sita, Mahakama Kuu ilimhukumu afisa Fredrick Leliman kifo, na wenzake watatu vifungo vya miaka 30, 24 na 20. Mmoja wa hao watatu alikuwa raia, mdokezi wa polisi. Mimi sitaki hukumu ya kifo kwa yeyote, hata kwa hao, na sababu zangu ni zile zile nilizozieleza kuhusu video ya Eastleigh. Lakini siku ile mmoja wa wale watatu niliowafutia majina alikuja kibandani, akavuta kiti, akasema yuko tayari kuandikisha upya.

9. Mwili usibaki mikononi mwa mshukiwa

Katika nchi yetu mtu akiuawa na polisi, mara nyingi ni polisi wanaofika kwanza, wanaookota maganda, wanaoupeleka mwili mochari na wanaoandika kwenye kitabu aliokotwa wapi na kwa nini. IPOA huja baadaye, ikiwa na wachunguzi wachache kwa nchi nzima. Saa zile za mwanzo ndizo zilizotunyima ukweli wa mwaka 2014, ukiondoa sehemu yangu ya kosa, na ndizo zinazowanyima wengine mpaka leo.

Dawa yake ilikwishaandikwa. Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Wachunguzi wa Vifo mwaka 2017, ili kuwe na ofisi huru yenye jukumu la kuuchukua mwili, nguo na mahali pa tukio wakati wowote mtu anapokufa kwa nguvu au akiwa kizuizini. Miaka imepita bila ofisi hiyo kuanza kazi ipasavyo, huku kila mwaka wa uchaguzi na kila mwaka wa maandamano ukituletea maiti wengine.

Waheshimiwa mliopewa dhamana ya kutenga fedha, tunaiomba ofisi hiyo ifunguliwe. Teueni watu wake, wapeni magari na majokofu, na nambari ya simu inayopokelewa saa nane usiku. Nanyi majirani zangu, mpaka siku hiyo ifike, msifue nguo. Nileteeni kama zilivyo. Kibanda kiko wazi kuanzia saa moja asubuhi, na mifuko ya khaki iko chini ya meza.